NYOTA INAYOCHEMKA

Usiku wa mwezi wa pili, mvua ikikatika, tazama juu. Utaona nyota tatu zimepangwa mstari mmoja. Upande mmoja wa mstari iko nyota nyekundu; upande wa pili iko nyota nyeupe, yenye rangi ya buluu kidogo. Jina lake Rigel.

Rigel ni jua kubwa, lakini liko mbali mno. Nuru yake husafiri zaidi ya miaka 800 mpaka kufika kwetu. Uzito wake ni kama wa majua 20. Joto la jua letu, kwa juu, ni digri 5,500. La Rigel ni digri 12,000 hivi.

Je, huko kuna utulivu? Hapana, gesi yake inasukwasukwa. Watu wamejuaje? Wenye elimu huitawanya nuru ya nyota, kama kwa kioo cha pembe tatu. Hapo huonekana rangi kama za upinde wa mvua, na kati yake mistari myembamba myeusi. Gesi ikija upande wetu, mstari husogea kidogo kwenye buluu. Ikienda mbali, husogea kwenye nyekundu. Gesi nyingine ikipanda na nyingine ikishuka, mstari hunenepa.

Zamani, walipoona mistari minene, walisema: «Nyota hii inazunguka mbio.» Mara nyingi walikosea. Sehemu ya unene ule ilitoka katika msukosuko wa gesi, iendayo makumi ya kilometa kwa sekunde moja.

Msukosuko watoka wapi? Tazama sufuria motoni: maji ya chini hupata moto na kupanda, ya juu hushuka. Jua letu huchemka hivyo mpaka juu. Katika nyota za moto mkali ni vingine. Ndani yake, penye joto la zaidi ya digri 100,000, atomu za chuma huzuia nuru isipite upesi. Hapo gesi huchemka, na mawimbi hupanda juu. Wengine husema mawimbi yatoka ndani zaidi, katika kiini. Jambo hilo lingali linachunguzwa.

Kazi hii ina faida gani? Nyota ya mbio huchanganya vitu vyake vya ndani, na maisha yake ni mengine. Anayekosea unene wa mstari hukosea pia maisha ya nyota. Na sehemu kubwa ya oksijeni tunayovuta ilipikwa zamani ndani ya nyota kubwa, zikaitawanya zilipopasuka.

Maulizo: 1. Mstari hunenepa kwa sababu gani? 2. Wenye elimu walikosea nini? 3. Chuma hufanya nini ndani ya nyota?