Butembo: Kabla ya kupanda ndege ya Guangzhou, chagua eSIM itakayoacha WhatsApp wazi

Mara mbili kwa mwaka, kati ya mwezi wa nne na wa tano, kisha kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na moja, mji wa Guangzhou, kusini mwa Uchina, hupokea wanunuzi kutoka pande zote za dunia. Wanakuja kwa ajili ya maonyesho ya biashara yanayoitwa Foire de Canton, ambayo yalianza mwaka 1957. Wafanyabiashara wa Butembo, jimboni Kivu ya Kaskazini, wanaijua njia hiyo tangu miaka mingi: kupitia Beni hadi mpaka wa Kasindi, kuvuka Uganda kwa barabara, kisha ndege kutoka Entebbe.

Safari hiyo inaandaliwa mapema. Pasipoti, viza, tikiti na dola hutafutwa wiki nyingi kabla. Lakini intaneti ya simu, wengi huifikiria wakishafika. Kwa anayekwenda Uchina, kuchelewa huko kunaweza kugharimu kuliko tikiti yenyewe.

Sababu inaeleweka. Mfanyabiashara akiwa ndani ya duka la jumla Guangzhou, anapiga picha ya kitambaa au ya kiatu na kuituma Butembo. Mke, ndugu au mshirika aliyebaki dukani anajibu rangi gani inatoka haraka, saizi gani imebaki, na mteja gani amekwisha kutoa avansi. Yote hayo yanapita kwenye WhatsApp. Mawasiliano yakikatika, mtu anaagiza kwa kubahatisha. Kontena likiisha kufungwa, litakaa wiki kadhaa baharini kabla ya kufika Mombasa, kisha barabarani hadi Butembo. Hakuna wa kurudisha viatu vya saizi mbaya.

Laini ya kule haitoshi

Anayeshuka uwanja wa ndege wa Guangzhou anaweza kununua kadi SIM ya Kichina. Ataonyesha pasipoti, na tangu mwezi wa kumi na mbili 2019 uso wake pia unapigwa picha ya uhakiki. Intaneti yake itakuwa ya kasi na ya bei nafuu. Lakini WhatsApp haitafunguka. Serikali ya Uchina imeifunga tangu mwaka 2017, pamoja na Facebook, YouTube na huduma za Google ambazo zilifungwa kabla yake. Wi-Fi ya hoteli ina tatizo lilelile, maana nayo inapita kwenye mtandao wa ndani ya nchi.

Hapo ndipo eSIM ya wasafiri inapoleta tofauti. eSIM ni SIM isiyoshikika kwa mkono: kifaa kidogo kimekwisha kuwekwa ndani ya simu kiwandani, na msafiri analipa, anapokea kodi ya QR, anaisoma kwa kamera, na laini mpya inaingia. Kadi ya Vodacom, Airtel au Orange inabaki mahali pake.

Jambo la maana zaidi ni njia ambayo intaneti hiyo inapita. eSIM ya wasafiri kwa kawaida ni ya kampuni ya nje inayotumia minara ya Kichina kwa romingi. Mawimbi ni ya Uchina, lakini data inarudi kwanza Hong Kong, Singapuri au nchi nyingine, na huko ndiko inakoingia kwenye intaneti. Kwa hiyo WhatsApp inafunguka kama vile mtu yuko nje ya Uchina.

Si kila ofa inapita njia hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji si bei ya jiga moja. Ni hili: data inatokea nchi gani? Baadhi ya kampuni zinaandika jibu kwenye maelezo ya ofa. Pasipo na jibu, ni afadhali kutafuta kwingine.

Simu yenyewe inakubali?

Kabla ya kulipa hata dola moja, msafiri abonyeze *#06#. Ikitokea namba ndefu iliyoandikwa EID, simu ina eSIM. Kisha ahakikishe kwamba simu haijafungwa kwa kampuni moja ya simu, kama zilivyo baadhi ya simu zinazotumwa na ndugu walioko Ulaya au Amerika.

Kwa upande wa Apple, eSIM ilianza na iPhone XS na XR za mwaka 2018. Samsung iliiweka kwenye Galaxy S20 mwaka 2020. Simu nyingi za bei ya chini zinazouzwa katika maduka yetu hazina. Tena, kuna mtego kwa waliokwisha kwenda Uchina: iPhone nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Uchina bara zina nafasi mbili za kadi lakini hazina eSIM, hata kama ni za miaka ya karibuni.

Kinyume chake pia kipo. iPhone zinazouzwa Marekani tangu iPhone 14 ya mwaka 2022 hazina kabisa tundu la kadi. Mwaka 2025, iPhone 17 zilianza kuuzwa hivyohivyo katika nchi za Ghuba, kama vile Emirati, Oman na Qatar. Anayenunua simu Dubai ili kuja kuiuza Butembo aangalie pembeni mwa simu kabla ya kutoa pesa, na aulize kwanza kama kampuni za hapa zitaweza kumpa mteja wake eSIM.

Asiye na simu ya eSIM bado ana njia: kadi ya kawaida ya wasafiri iliyotolewa Hong Kong na inayofanya kazi Uchina bara. Nayo inapita Hong Kong.

Namba ya nyumbani isizimwe

eSIM nyingi za wasafiri ni za intaneti tu. Hazina namba, hazipokei simu wala ujumbe mfupi. WhatsApp haisumbuki na hilo: inaendelea na namba ileile ya +243, mradi msafiri asikubali kuibadilisha simu ikimwuliza.

Lakini mambo mengine yanahitaji namba. Wauzaji wa Guangzhou wanatumia WeChat, na kufungua akaunti kunadai kodi inayokuja kwa ujumbe mfupi. Alipay nayo, ambayo inakubali kadi za benki za kigeni, inatuma kodi. Benki ya nyumbani pia. Kwa hiyo WeChat na Alipay zifunguliwe Butembo, kadi ya +243 ikiwa inashika mtandao vizuri. Kisha msafiri aulize kampuni yake kama namba hiyo itapokea ujumbe akiwa Uchina, na kwa bei gani.

Akiisha kufika, kadi ya Congo ibaki imewashwa kwa ujumbe, lakini intaneti yake ya nje izimwe. Kwenye iPhone ya Kifaransa sehemu hiyo inaitwa « Données à l'étranger ». Kwenye simu za Android ni « Itinérance ». Kwa eSIM, sehemu hiyohiyo iwashwe, la sivyo haitafanya kazi. Anayechanganya hizo mbili anamaliza yunite zake zote kabla ya kutoka uwanja wa ndege.

Jiga ngapi, siku ngapi

Picha za WhatsApp hazili sana. Nyingi ziko chini ya mega moja. Kinachokula ni video: saa moja ya kuongea mkionana inaweza kumaliza mamia ya mega. Kwa hiyo anayetembea madukani ili aonyeshe bidhaa kwa video kila siku ahesabu jiga kadhaa kwa wiki, na asasishaji wa programu uzimwe.

Ofa zinazojiita bila kikomo zisomwe kwa makini. Nyingi zinapunguza kasi baada ya kiasi fulani kwa siku, na nyingine zinakataza kugawia simu ya mwenzako. Kwa wasafiri wawili wanaotegemea simu moja, hilo si dogo.

Angalia pia siku zinaanza kuhesabiwa lini. Ofa nyingine inaanza pale eSIM inapoingizwa kwenye simu, nyingine inaanza ikishika mtandao wa kule. Ile ya kwanza ikiingizwa Butembo, siku zinaliwa Kasindi, Kampala na Addis Abeba. Hata hivyo, isiachwe mpaka Guangzhou, kwa sababu kuiingiza kunahitaji intaneti, na huko ukurasa wa muuzaji unaweza kukataa kufunguka. Wi-Fi ya uwanja wa ndege wa mwisho kabla ya Uchina inatosha.

Malipo na QR

Kampuni kama Airalo, Holafly au Nomad zinalipwa kwa kadi ya Visa au Mastercard. Asiye nayo anaweza kumwomba ndugu aliye nje alipe na kumtumia kodi ya QR. Ichapishwe kwenye karatasi au ifunguliwe kwenye simu ya pili, kisha isionyeshwe kwa mtu yeyote: kwa kawaida inatumika mara moja tu, na anayetangulia kuisoma ndiye mwenye laini. Kwa sababu hiyohiyo, eSIM isifutwe kwenye simu kabla ya safari kuisha. QR inayouzwa na mtu asiyejulikana kwenye kundi la WhatsApp ni ya kuepuka.

Gharama yote ya eSIM huwa ndogo ukiilinganisha na tikiti ya ndege. Ni vizuri kuijaribu mbele ya mlango wa uwanja: tuma picha moja Butembo, ngoja jibu, ndipo upande teksi kwenda sokoni.