Baisikeli na Lori: Barabara ni ya Wote

Saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijachomoza, barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Malaba huwa imekwisha kuamka. Katika nyanda za juu za Limuru ukungu bado umetanda, na mkulima amekwisha kufunga mitungi yake ya maziwa nyuma ya baisikeli, maana maziwa hayamngoji mtu. Huko Naivasha wafanya kazi wa mashamba ya maua wanafuatana kwa baisikeli kwenda kazini. Wakati huo huo malori yenye shehena kutoka bandarini yanapanda na kushuka milima, yakielekea Uganda, Rwanda na Kongo. Wote hawa wanatafuta riziki, na wote wanatumia ukanda mmoja wa lami.

Zamani haikuwa hivyo. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, mizigo mingi ya bara ilisafiri kwa gari moshi, na baisikeli ilikuwa mali ya wachache tu, kama vile mwalimu, karani na mhubiri. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wafungwa wa Kiitalia walijenga barabara ishukayo Bonde la Ufa kupitia Mai Mahiu, nayo imepitisha malori kizazi baada ya kizazi. Baisikeli nazo zikaongezeka. Katika miaka ya 1960 vijana wa Busia walikuwa wakichukua abiria kwa baisikeli kati ya mipaka miwili, ya Kenya na ya Uganda, na hapo ndipo lilipotoka jina la bodaboda.

Mwenye Nguvu Mpishe

Wako madereva wanaoishika methali isemayo, “Mwenye nguvu mpishe,” kana kwamba ndiyo sheria ya barabarani. Sivyo. Sheria ya Usafiri Barabarani, iliyoanza kutumika Kenya mwaka 1954, haikumpa mwenye gari kubwa ruhusa ya kumsukuma mwenzake mtaroni. Mwenye baisikeli ana haki yake ya kupita.

Lakini haki haizuii tairi. Sheria za Afrika Mashariki huruhusu lori la ekseli saba kufikia uzito wa tani 56. Mkulima, baisikeli yake na maziwa yake pamoja havifiki kilo 200. Yaani lori lamzidi zaidi ya mara 280. Tena lori likienda kilomita 80 kwa saa, hupita mita 22 kila sekunde. Basi dereva akishtuka, kabla mguu wake haujagusa breki, lori limekwisha kula mita 22 au zaidi. Yafaa mwenye baisikeli akumbuke hesabu hiyo kila asikiapo mngurumo nyuma yake.

Upande Asiouona Dereva

Katika nchi yetu magari hupita upande wa kushoto, na dereva huketi upande wa kulia. Kwa hiyo mwenye baisikeli, ambaye yuko ukingoni kushoto, ndiye aliye mbali zaidi na macho ya dereva. Akiwa karibu na mlango wa kushoto, huenda dereva asimwone kabisa, hata akitazama kioo. Kwa hiyo si busara kupenya kati ya lori na ukingo wa barabara kwenye njia panda. Lori lenye tela likikata kona kushoto, magurudumu ya nyuma hayafuati nyayo za yale ya mbele, bali hukata ndani zaidi. Aliyejipenyeza hapo hana pa kukimbilia.

Jambo la pili ni upepo. Lori lipitapo kwa kasi husukuma hewa, kisha huivuta. Mwenye baisikeli na ashike usukani kwa mikono miwili, aende moja kwa moja, wala asigeuke ghafula kutazama nyuma.

Jambo la tatu ni mzigo. Gunia la makaa au tita la majani ya ng’ombe huficha taa na kioo chekundu cha nyuma. Hapo dereva haoni kitu gizani. Kioo hicho na kifungwe nyuma ya mzigo wenyewe, na mwenye baisikeli avae nguo nyeupe. Tena wakati wa masika akumbuke kwamba breki za baisikeli zile nzito, watu waziitazo Black Mamba, hazishiki vema rimu zikilowa maji. Apunguze mwendo mapema kabla ya mteremko.

Wajibu wa Dereva

Haifai mwenye baisikeli alaumiwe peke yake. Mara nyingi hukwepa shimo, au lami iliyomeguka ukingoni, wala si kwa ukaidi. Dereva mwema hungoja mpaka njia ya mbele iwe wazi, kisha humpita akimwachia nafasi ya mita moja na nusu. Hupiga honi akiwa mbali, wala si sikioni mwake, kwa maana mtu aliyeshtuliwa huanguka. Usiku hupunguza taa zake kali.

Jambo baya kupita yote ni desturi ya kutoa gia mlimani ili kuokoa mafuta. Desturi hiyo ndiyo iliyolipa jina baya eneo la Salgaa, magharibi ya Nakuru. Lori lisilo katika gia halizuiwi na injini. Uzito wote huangukia breki, nazo zikipata moto mno hushindwa. Shilingi zilizookolewa kwa mafuta haziwezi kumrudisha aliyekufa.

Ni kweli kwamba njia bora ni kuwatenganisha. Barabara ya Nairobi hadi Thika, iliyofunguliwa mwaka 2012, ilijengwa pamoja na njia za kando za watembea kwa miguu na za baisikeli. Lakini njia za namna hiyo hazijafika kila mahali, na maziwa ya kesho lazima yafike kiwandani kesho.

Kwa hiyo jambo hili lafaa kuzungumzwa katika mabaraza ya machifu, katika vyama vya maziwa na shuleni. Mzee wa nyumba akigongwa, haanguki peke yake. Ng’ombe huuzwa ili kulipia hospitali, na mtoto hurudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Dereva naye, hata kama hakukosa, hulala na picha ile machoni siku zake zote.

Wazee walisema, “Tahadhari kabla ya hatari.” Kioo kidogo chekundu nyuma ya gunia, na dakika moja ya subira nyuma ya usukani, ni gharama ndogo sana kwa uhai wa mtu.