Pumzi Fupi, Mwendo Mrefu

Katika mwili wa binadamu mna msuli mmoja ufanyao kazi usiku na mchana bila kusifiwa na mtu. Msuli huo ni kiwambo, ukuta wa nyama ulio mfano wa kuba, utenganishao kifua na tumbo. Kiwambo kishukapo, mapafu hutanuka na hewa huingia. Kipandapo, hewa hutoka. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya kiwambo. Je, msuli huu ukipooza, mwenye nao afanyeje? Akae kitini angoje siku zipite, au ainuke atembee?

Sisi tuliopita katika chuo cha makadeti tulifunzwa kumpima mtu kwa pumzi yake. Apandaye kilima mbio huitwa hodari. Asimamaye njiani akihema huitwa mvivu. Kipimo hicho chafaa uwanjani kwa wenye afya, lakini hakifai kuwahukumu wagonjwa. Aliyepooza kiwambo hana jeraha la kuonekana wala gongo mkononi. Aghalabu akiketi huonekana mzima kama wenziwe. Ndiyo maana huhesabiwa mtegeaji, naye kwa kuona haya hujifungia nyumbani, na misuli yake iliyobaki hudhoofika bure.

Kila nusu ya kiwambo, ya kuume na ya kushoto, hupata amri kwa mshipa wake wa fahamu, utokao shingoni penye pingili ya tatu, ya nne na ya tano. Mshipa huo ukidhurika, mambo huwa kama waya wa simu wa kikosi uliokatwa: amri hutolewa, lakini haifiki. Waweza kudhurika kwa ajali ya shingo, kwa upasuaji wa moyo, kwa uvimbe kifuani, au kwa maradhi ya virusi. Mara nyingine sababu haipatikani. Picha ya eksirei huweza kuonyesha upande mmoja umepanda juu kuliko kawaida, na mganga akimwambia mgonjwa avute pumzi ghafula kwa pua huku akimtazama kwa mashine, upande uliopooza hupanda badala ya kushuka.

Ukipooza upande mmoja tu, watu wengi huishi na kufanya kazi zao, ila huhema wapandapo mlima, wainamapo au walalapo chali. Zikipooza pande zote mbili, jambo ni zito zaidi. Mgonjwa huamka na maumivu ya kichwa, husinzia mchana, na huenda akahitaji mashine ya kumsaidia kupumua usiku. Wako ambao mshipa hupona wenyewe baada ya miezi mingi, hata miaka miwili. Wengine hufanyiwa upasuaji wa kukikunja na kukishona kiwambo kilicholegea ili kikazike.

Sasa tuutazame mji wetu wa Bujumbura. Nchi iliyomzaa Venuste Niyongabo, aliyetwaa medali ya dhahabu ya mbio za mita 5,000 huko Atlanta mwaka 1996, ni nchi ipendayo kukimbia, na mazoezi ya Jumamosi asubuhi ni desturi ya miaka mingi. Mwenye kiwambo kilichopooza asijitenge na desturi hiyo. Aichukue kwa kadiri yake. Mji umelala kando ya Ziwa Tanganyika, karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na mitaa ya chini kama Buyenzi na Bwiza ni tambarare. Hapo ndipo mahali pake pa kuanzia, wala si mteremko wa Kiriri, wala barabara ya Bugarama ipandayo zaidi ya mita 2,000, ambako hewa ni nyepesi.

Kanuni ni nyepesi kushika. Atembee kwa mwendo umruhusuo kutamka sentensi nzima bila kukatika. Akishindwa, apunguze au apumzike, kisha aendelee. Aongeze dakika chache wiki hadi wiki. Kazi za kuinama azifanye ameketi juu ya kigoda. Asifanye mazoezi akiwa ameshiba sana, maana tumbo lililojaa hukisukuma kiwambo juu. Alale ameinua kichwa na kifua. Sigara aiache kabisa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aweza pia kumfunza kuimarisha misuli ya mbavu na shingo, ambayo ndiyo akiba ya jeshi lake.

Ziwani ajihadhari. Tuwaache kando viboko na mamba. Maji yenyewe yakifika kifuani huubana mwili na kulisukuma tumbo juu, na pumzi huweza kukatika ghafula. Asiogelee peke yake kamwe, wala asianze bila shauri la mganga.

Liko jambo moja zaidi lituhusulo sote. Polio nayo huweza kupooza misuli ya kupumua, na katika watu waliopoozwa nayo, 5 hadi 10 kwa kila 100 hufa kwa sababu hiyo. Tarehe 17 Machi 2023 Burundi ilitangaza kuzuka kwa polio kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 30: mtoto wa miaka minne wa Isale, ambaye hakuwa amechanjwa, na watoto wengine wawili waliokuwa karibu naye. Virusi hivyo vilitokana na vile vilivyodhoofishwa vya chanjo ya matone, ambavyo vikizunguka muda mrefu kati ya watoto wasiochanjwa huweza kurudia ukali. Kinga yake, basi, ni kuwachanja watoto wote bila kumwacha hata mmoja.

Kwa hiyo twawaomba wananchi mambo mawili. Mtoto apelekwe kuchanjwa kwa wakati wake. Na yule jirani asimamaye katikati ya njia akihema asichekwe. Apunguziwe mwendo, asindikizwe, afike. Msafara mwema hwenda kwa hatua ya aliye nyuma.