Upasuaji wa Kupunguza Unene: Ni Urembo au ni Tiba?



Miaka michache iliyopita tulimpokea wodini mama mmoja wa kwaya mwenye kilo 128. Alikuwa na kisukari na shinikizo la damu, na magoti yalimuuma hata akashindwa kupanda ngazi za kanisa. Nilimwambia kama nilivyozoea kuwaambia wote, "Mama, punguza kula." Akanijibu kwa upole, "Sista, ingekuwa rahisi hivyo, nisingekuwa hapa." Nilinyamaza.

Hivi karibuni binti yake alinisubiri nje baada ya Misa. "Shikamoo sista. Tunataka kuuza kiwanja mama apasuliwe tumbo apungue. Wajomba wanasema huo ni urembo tu. Wewe unasemaje?" Swali hilo nalijibu leo kwa faida ya familia zote.

Mafuta si mzigo tu

Ukichomwa na mwiba, mahali pale hugeuka pekundu, huvimba, hupata joto na kuuma. Ni askari wa mwili wamekuja kupambana. Madaktari huita hali hiyo inflamesheni. Hapa tuiite mwako. Mwako wa mwiba una faida, tena una mwisho.

Mtu mwenye unene mkubwa huwa na mwako mwingine, mdogo, usioonekana kwa macho wala usiokwisha. Mwaka 1993 watafiti wa Boston, Marekani, walionyesha kwamba mafuta ya wanyama wanene wa maabara hutoa kemikali ya mwako iitwayo TNF, ambayo huzuia insulini isifanye kazi yake. Mwaka 2003 ikaonekana kwamba askari wa mwili hujazana ndani ya mafuta yenyewe. Seli za mafuta zikijaa kupita kiasi huumia na nyingine hufa, nao askari huja kusafisha bila kumaliza. Kemikali zao husafiri na damu, zikachochea kisukari na kudhuru mishipa ya damu na ini. Daktari anaweza kuupima mwako huo kwa kuangalia protini ya damu iitwayo CRP.

Upasuaji hufanya nini?

Njia mbili hutumika sana. Ya kwanza ni kukata sehemu kubwa ya tumbo la chakula na kuacha mfuko mwembamba wenye umbo la ndizi. Ya pili ni kutenga kifuko kidogo kama yai na kukiunganisha na utumbo mwembamba mbele zaidi.

Siku za kwanza CRP hupanda, kwa sababu kidonda nacho ni mwako. Kisha miezi inavyopita na kilo zikipungua, hushuka. Baada ya mwaka mmoja, kwa wagonjwa wengi huwa chini kuliko kabla ya kupasuliwa. Sukari huanza kushuka mapema zaidi, pengine ndani ya siku chache, kwa kuwa mgonjwa hula kidogo na homoni za utumbo hubadilika.

Je, si afadhali kuyanyonya mafuta kwa mrija? Hapana. Mwaka 2004 watafiti wa St. Louis, Marekani, walieleza habari za wanawake 15 walionyonywa karibu kilo 10 za mafuta ya chini ya ngozi. Wiki 10 hadi 12 baadaye, vipimo vya mwako na nguvu ya insulini havikubadilika. Mafuta ya ini na ya ndani ya tumbo yalibaki palepale. Mwako hupoa pale mwili unapoitumia akiba yake wenyewe.

Huko Sweden, uchunguzi ulioanza mwaka 1987 ulifuatilia watu zaidi ya 4,000. Mwaka 2007 ulitoa matokeo: waliopasuliwa walikufa wachache kuliko wenzao wanene ambao hawakupasuliwa.

Kabla ya kuuza kiwanja

Kwa hiyo binti yangu, ni tiba. Lakini ni tiba nzito. Mshono unaweza kuvuja au kutoa damu. Vidonge vya vitamini na madini, hasa B12 na madini ya chuma, huwa vya maisha yote. Mama kijana asishike mimba kwa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Uzito ukirudi, mwako nao huweza kurudi. Basi ulizeni kwanza:

1. Je, daktari mpasuaji ana uzoefu wa kazi hii hasa?
2. Nani atamwangalia mama miaka inayofuata, na kwa umbali gani?
3. Je, tutamudu vidonge na vipimo baada ya fedha za kiwanja kwisha?

Jibu moja likiwa "hapana", ngojeni. Wala asiache dawa za kisukari au za shinikizo bila kuagizwa na daktari.

Asiyeweza kupasuliwa asikate tamaa. Mwenye kilo 100 akipunguza 5 hadi 10 kwa chakula na mazoezi, sukari na shinikizo hupata nafuu. Na sisi wengine, wauguzi tukiwa wa kwanza, tuache kuwacheka na kuwakaripia wanene. Mwako ule hauzimwi kwa maneno makali. Mimi mwenyewe nilichelewa kulijua hilo.