Skrubu iliyolika kichwa isikuharibie mlango

KILA mwisho wa mwezi, malori ya kuhamisha vyombo huonekana yakiingia na kutoka katika majumba ya kupangisha mtaani Kilimani, Nairobi. Kabla ya mpangaji kurudishiwa pesa za amana alizolipa alipoingia, mwenye nyumba hukagua milango, makabati na kuta. Mbao iliyochimbwa na bisibisi huweza kumgharimu mpangaji pesa nyingi, ilhali skrubu iliyoleta balaa hiyo huuzwa kwa shilingi chache.

Mara nyingi kisa huwa ni kitasa au rafu aliyoifunga mwenyewe na sasa anataka kuing'oa. Bisibisi yateleza, kichwa cha skrubu chalika, naye azidi kukazana hadi ncha ichomoke na kukwaruza mbao.

Wengi hudhani wamekosa nguvu. Aghalabu walichokosa ni bisibisi inayofaa. Skrubu ya nyota tuliyoizoea ilienezwa na Mmarekani Henry Phillips, aliyepata hataza zake mwaka wa 1936. Pande za tundu lake zimeinama, hivyo nguvu ya kuzungusha ikizidi ile ya kusukuma, bisibisi hupanda na kutoka. Baadaye, katika miaka ya 1960, ililetwa nyota ya aina nyingine, Pozidriv, inayotambulika kwa mistari minne myembamba kati ya mikono ya msalaba. Bawaba nyingi za makabati kutoka Ulaya hufungwa kwa hiyo. Bisibisi ya Phillips huingia humo bila kulijaza tundu, na hapo ndipo kichwa huanza kuliwa.

Kwa hivyo, bisibisi ikiteleza mara moja tu, simama. Kwangua rangi iliyoziba tundu kwa ncha ya msumari. Katika nyumba za zamani ambazo milango yake imepakwa rangi mara nyingi, hiyo pekee huenda ikawa dawa. Kisha tafuta bisibisi inayolijaza tundu, iweke wima, uigonge kwa nyundo mara mbili tatu ili izame. Kaza skrubu kidogo kwanza ndipo uilegeze, huku ukisukuma kwa uzito wa mwili. Usitumie mashine ya umeme hapa, kwa maana huzunguka upesi na kumaliza chuma kilichosalia.

Ikishindikana, weka kipande cha mpira mpana wa kufungia noti, au nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kati ya bisibisi na skrubu. Kichwa kikiwa kimejitokeza, kishike kwa koleo, au ukikate mfuo mmoja kwa msumeno wa chuma na utumie bisibisi bapa. Kabla ya hayo, funika mbao kwa kipande cha bati la mkebe kilichotobolewa katikati. Mafuta ya kulegeza kutu yafaa chuma kwa chuma, lakini kwenye mbao huacha doa ambalo vanishi haifichi.

Njia ya mwisho ni keekee. Vaa miwani ya kukinga macho, bandika utepe kandokando ya kichwa, toboa katikati kwa ncha nyembamba, kisha ongeza hadi ncha inayolingana na unene wa shina la skrubu. Kichwa hukatika chenyewe. Acha kutoboa papo hapo, ondoa bawaba au kitasa, kisha shika shina lililobaki kwa koleo na kulizungusha polepole. Anayeogopa hatua hii na amwite seremala; hawakosekani kando ya Barabara ya Ngong.

Tundu lililopanuka lizibwe kwa kijiti cha mbao ngumu na gundi ya mbao, likauke usiku kucha. Njiti za kiberiti, ambazo mafundi wengi huzipenda, hushikilia rafu nyepesi lakini si mlango. Skrubu mpya ipakwe sabuni ya kipande kabla ya kuingizwa. Ikiwa ni ya shaba, tangulia kupitisha ya chuma yenye ukubwa uo huo, uitoe, ndipo uingize ya shaba, kwani shaba ni laini na hukatikia ndani ya mbao ngumu.