Ndege wa Lutembe na Daftari Lisiloandikwa (Sehemu ya Tatu)

Februari 2 imepita tena, na hotuba za Siku ya Ardhi Oevu Duniani zimepita nayo. Siku hiyo hukumbusha mkataba uliotiwa saini mwaka 1971 katika mji wa Ramsar, Iran, nasi Waganda tuna sababu ya kuiadhimisha kuliko wengi: tuliingia katika mkataba huo mwaka 1988, na Novemba 2005 Kampala ikapokea mkutano mkuu wa nchi wanachama, wa kwanza kufanyika barani Afrika. Mwaka uliofuata vinamasi vyetu kadhaa viliingizwa kwa mkupuo katika orodha ya kimataifa, Mabamba na Lutembe vikiwemo. Msomaji aliyefuatana nasi tangu sehemu ya kwanza anaijua tayari kazi ya mafunjo, na anajua safari ya maji machafu kutoka mfereji wa Nakivubo hadi Ghuba ya Murchison, sitayarudia hayo. Leo nageukia kile ambacho hotuba huwa zinakiruka, yaani ndege. Hoja yangu ni moja tu. Kinamasi hakina ulimi wa kujitetea mahakamani wala bungeni, lakini ndege wake wanaweza kukitolea ushahidi, ilimradi awepo mtu wa kuwahesabu na kuandika. Sisi tuna macho mengi na kalamu chache.

Ghuba ya Lutembe iko upande wa barabara ya Entebbe, kwenye mlango wa Ghuba ya Murchison. Ni ndogo, takribani hekta 98, na kisiwa cha mafunjo kilichopinda kama mundu kinakaribia kuitenga kabisa na ziwa kuu. Ndani ya ukingo huo maji ni ya kina kifupi, matope hujitokeza, na ndege hulala bila kunyatiwa na mnyama. Mgeni wake mkuu ni buabua bawa-jeupe, ndege mwepesi anayetaga katika mabwawa ya Ulaya ya mashariki hadi Siberia. Nyaraka za Ramsar zinasema ghuba hii hupokea mara kwa mara zaidi ya nusu ya buabua hao. Chakula hakiwatoi mbali, kwa kuwa Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, ni ziwa la wadudu: wale nzi wa ziwani ambao Waganda huwaita essami, wanaopaa kama moshi juu ya maji. Watafiti wa uvuvi waliokuwa Jinja katika miaka ya 1950 walionyesha kwamba wadudu hawa hutoka majini kwa kufuata mwezi. Kwa hiyo mwezi hupanga mlo wa ndege, na mafunjo hupanga malazi yao. Ondoa kimoja kati ya hivyo viwili, na msafara mzima utatafuta kituo kingine.

Februari na Machi ndiyo miezi ya kuwatazama kwa makini zaidi. Huko watokako baridi inaelekea ukingoni. Huku kwetu buabua waliokuwa weupe wanaanza kutoka mabaka meusi kichwani na kifuani, vazi la kwenda kuoana. Wale ndege wadogo wa matopeni, akina sululu na kitwitwi, wanakula bila kupumzika ili waweke mafuta ya safari. Katika mashamba ya mpunga ya Doho na Kibimba, mashariki mwa nchi, mbayuwayu hukusanyika nao hungoja saa yao. Lakini saa hiyo wanaisomea wapi? Ulaya mchana hurefuka na kufupika, na ndege huusoma. Kampala mchana ni saa 12, Januari kama Juni. Mjerumani Eberhard Gwinner alilijibu swali hili katika miaka ya 1960 kwa njia rahisi ya kupendeza. Aliwafungia ndani ndege wadogo wa jamii ya kucha wanaohamia Afrika, akawapa mwanga wa saa 12 na giza la saa 12 bila kubadilisha. Wakati ulipofika walibadilisha manyoya, na usiku wakahangaika vizimbani kama wanaotaka kuruka. Kalenda ya mwaka wamezaliwa nayo mwilini. Aliyejaribu kuiga ikweta katika chumba cha Ujerumani alituonyesha ndege wanavyoishi juu ya ikweta yenyewe, mlangoni petu.

Hapa inafaa tukumbuke jinsi maarifa haya yalivyochelewa, kwa maana ucheleweshaji huo una funzo. Aristotle aliamini kwamba mbayuwayu hujificha mashimoni wakati wa baridi. Mwaka 1555 Olaus Magnus, askofu mkuu wa Uppsala aliyekuwa uhamishoni, aliandika kwamba wavuvi wa kaskazini huwavua mbayuwayu kwa nyavu kutoka chini ya maji, wakiwa wamelala kwa makundi. Karne iliyofuata kasisi Mwingereza Charles Morton alishikilia kwamba ndege huruka hadi mwezini, safari ya siku 60. Hawa hawakuwa wajinga. Walikuwa miongoni mwa wasomi wa zama zao. Kilichowakosesha ni kwamba kila mmoja alikuwa na nusu ya habari, na mwenye nusu ya pili hakuwahi kuulizwa.

Nusu hiyo ya pili ilifika Ulaya shingoni mwa korongo. Mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz huko Mecklenburg, alipigwa risasi korongo mweupe aliyekuwa na mshale wa urefu wa sentimita 80 uliopenya shingo yake. Mti wa mshale ule na namna ulivyochongwa vilionyesha kwamba umetoka Afrika ya Kati. Ndege alijeruhiwa huku, akapona kiasi cha kuruka, akaufuata mto Nile na ardhi ya Sinai, kwa sababu korongo hupanda juu kwa hewa ya moto na hewa hiyo haipatikani juu ya bahari, akafika Ujerumani na kuuawa huko. Amekaushwa, na hadi leo yumo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Wajerumani wana jina maalumu la korongo wa namna hiyo, maana baadaye walipatikana wengine zaidi ya ishirini. Mwindaji aliyeurusha mshale ule alijua kwamba korongo huja, alijua msimu wao na mahali wanapotua. Elimu aliyokuwa nayo ndiyo iliyokosekana kwa Aristotle. Lakini jina lake halimo popote, na mshale wake umekuwa mali ya makumbusho ya watu wengine. Asiyeandika alijualo huishia kuwa kielelezo katika kitabu cha mwenzake.

Baada ya mshale ikaja pete. Mwaka 1899 mwalimu wa shule wa Viborg, Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavalisha ndege pete za alumini zenye namba na anwani. Mei 1911 wakili mmoja wa Staffordshire, John Masefield, alimvalisha pete mbayuwayu aliyejenga nyumbani kwake; Desemba 1912 ndege huyo alipatikana katika shamba la mkulima mmoja huko Natal, Afrika Kusini. Tazama ni watu gani hawa: mwalimu, wakili, mkulima. Hakuna aliyengoja bajeti ya serikali. Upande wetu, Frederick Jackson, aliyekuwa gavana wa Uganda kuanzia 1911, alitumia maisha yake kukusanya habari za ndege, na kitabu chake kikubwa kikatoka mwaka 1938, miaka tisa baada ya kufa kwake. Profesa Derek Pomeroy wa Makerere naye aliwafanyia utafiti kaloli wa Kampala tangu miaka ya 1970, ndege ambao wengi wetu huwafukuza tu jalalani. Tuna deni kwa watu hawa, lakini ni aibu kwamba tukiondoa majina ya wageni, ukurasa unabaki mweupe.

Kuna watakaosema kwamba haya ni starehe za wenye darubini. Wapelekeni Januari 2017. Wavuvi wa Lutembe ndio walioona kwanza mizoga ya buabua ikielea kwa wingi usio wa kawaida, wakatoa taarifa. Katikati ya mwezi serikali ikathibitisha mafua makali ya ndege, Kenya na Rwanda zikafunga mipaka yao kwa kuku na mayai yetu, na mfugaji wa Masaka ambaye hajawahi kumtazama buabua akaipata hasara. Hakuna mtu aliyethibitishwa kuambukizwa. Wapo waliotaka kuhitimisha kwamba ndege ni adui na kinamasi kijazwe kifusi. Hitimisho hilo ni kinyume cha ushahidi: ndege waliobanwa katika kinamasi kidogo zaidi husongamana zaidi, na ugonjwa hupenda msongamano. Kilichotuokoa ni macho ya wavuvi. Fikirini ingekuwaje kama macho hayo yangekuwa na daftari la miaka kumi ya kulinganisha.

Wengine husema buabua ni ndege wa Ulaya, basi Ulaya iwalipie. Lakini ndege huyu hukaa kwetu sehemu kubwa ya mwaka na kwenda kaskazini kutaga tu. Ukiulizwa kwake ni wapi, jibu si jepesi. Tena kinamasi kimtunzacho ndicho kinachomtunza korongo taji wa bendera yetu, anayetaga ndani ya majani ya kinamasi na kulisha katika mashamba ya jirani, na ambaye tangu 2012 yumo katika orodha ya kimataifa ya walio hatarini kutoweka. Pingamizi lenye uzito ni la ajira: mashamba ya maua kando ya Lutembe huwalipa wanawake wengi mishahara. Sipuuzi mshahara wa mtu. Nasema tu kwamba hesabu ya ndege haifungi shamba. Inaonyesha mwaka baada ya mwaka kama mpaka wa shamba na dawa zake umevuka kiasi, na inaonyesha mapema, kabla mamlaka haijalazimika kuja na tingatinga.

Tingatinga zilikuja katika kinamasi cha Lubigi mwaka 2024, na waliobomolewa nyumba walikuwa wanyonge zaidi kuliko waliowauzia viwanja. Ibara ya 237 ya Katiba inasema serikali inashikilia ardhi oevu kwa amana ya wananchi. Mwaka 1994 ardhi hiyo ilikuwa asilimia 15.6 ya nchi. Kufikia 2019 iliyobaki katika hali yake ilikuwa karibu asilimia 9. Mweka amana asiyehesabu hana la kudai amana inapopungua.

Kwa hiyo narudia pendekezo ambalo wasomaji wa siku nyingi wanalijua: kila shule iliyo karibu na kinamasi iwe na daftari la ndege. Hesabu ifanywe mara mbili kwa mwaka, Januari na Julai, miezi ileile ya hesabu ya ndege wa maji barani Afrika ambayo hapa kwetu huendeshwa na NatureUganda. Zinahitajika darubini moja, orodha ya ndege ishirini wenye majina ya Kiganda, Kiswahili na kisayansi, na mwalimu mwenye subira kama yule wa Viborg. Wizara ya Elimu haihitaji sheria mpya kwa hilo. Waraka wa ukurasa mmoja unatosha. Sehemu ya nne itaeleza jinsi ya kulihesabu kundi la ndege elfu kumi bila kuwahesabu mmoja mmoja, ili walimu watakaoanza Julai wasiwe na kisingizio.