Akina Baba Waliolea kwa Barua

Pablo Mabalon aliondoka Numancia, mkoani Aklan nchini Ufilipino, mwaka 1929, akamwacha mke na watoto. Mwanawe Ernesto alipomfuata Stockton, California, ilikuwa 1963. Miaka 34. Ukipewa hesabu hiyo peke yake utasema mzee alipotelea ughaibuni, na wanaojua maisha ya ughaibuni wana maneno makali kwa baba wa namna hiyo.

Stockton hawakumjua hivyo. Alikuwa na mgahawa, Lafayette Lunch Counter, katikati ya mtaa wa Wafilipino ulioitwa Little Manila. Vibarua wa mashambani walikula hapo kwa mkopo hadi msimu wa mavuno, na kwa kuwa walihama kambi hadi kambi bila anwani, barua zao kutoka nyumbani zilipokelewa kwenye kaunta yake. Mjukuu wake, mwanahistoria Dawn Bohulano Mabalon, ameyaeleza hayo katika kitabu Little Manila Is in the Heart kilichotoka mwaka 2013. Mtu aliyewalisha watoto wa wenzake miaka yote hiyo, ilikuwaje wa kwake wakawa ng'ambo ya bahari?

Jibu liko kwenye sheria, si kwenye moyo wake.

Marekani iliichukua Ufilipino kutoka kwa Hispania mwaka 1898, ikalipa dola milioni 20. Wafilipino wakawa watu wa ajabu kidogo kisheria: waliweza kuingia Marekani bila kizuizi, lakini wengi wao hawakuruhusiwa kuwa raia. Wanaume 15 wa kwanza walipelekwa Hawaii mwaka 1906 kukata miwa. Sheria ya uhamiaji ya 1924 ilipowafungia mlango Wajapani, wenye mashamba ya California wakawageukia Wafilipino kwa asparagasi, saladi na zabibu. Walitaka mikono, hawakutaka familia. Malazi yalikuwa mabweni ya wanaume, na ujira haukutosha nauli ya mke. Kufikia miaka ya 1930, kwa kila mwanamke mmoja wa Kifilipino California palikuwa na wanaume wapatao 14.

Waliojaribu kuanza maisha huko huko walikutana na ukuta mwingine. Januari 1930, mjini Watsonville, makundi ya wazungu waliokasirishwa na Wafilipino kucheza dansi na wasichana wa kizungu yaliwawinda kwa siku kadhaa, na kijana Fermin Tobera, mwenye miaka 22, akauawa kwa risasi bwenini. Mwaka 1933 Salvador Roldan alishinda kesi ya kumwoa mchumba wake mzungu, kwa hoja kwamba sheria iliwakataza "Wamongolia" na yeye alihesabiwa Mmalai. Ushindi haukudumu. Mwaka huo huo wabunge wa California wakaongeza Wamalai kwenye orodha, na katazo hilo likabaki hadi 1948.

Halafu ikaja sheria ya 1934: Wafilipino 50 tu kwa mwaka ndio wangeingia nchi nzima. Mwaka uliofuata serikali ikajitolea kuwalipia nauli waliotaka kurudi kwao, ila anayekubali aage moja kwa moja. Wapatao 2,000 tu walikubali. Wengine walikwama: kumleta mke haiwezekani, kuoa mzungu hapo ni marufuku, na kwenda kuwaona watoto ni kufunga mlango wa riziki yao. Kilichobaki ni bahasha. Philip Vera Cruz, aliyefika 1926, alimsomesha mdogo wake hadi akawa mwanasheria, kwa pesa za kuinama mashambani. Na wale watoto wachache waliozaliwa Stockton walikuwa na wajomba kumi kila Jumapili, wanaume wenye hamu ya kulea na wasio na wa kumlea.

Vita vya Pili vya Dunia vilibadilisha mambo. Wafilipino walioingia jeshi la Marekani walipewa uraia, wengine wakatumwa Ufilipino na kurudi na wake. Julai 1946 sheria ikawafungulia wenzao njia ya uraia. Wanaume wenye miaka arobaini na hamsini wakaanza kubeba watoto wao wa kwanza.

Anayejulikana kuliko wote katika kizazi hicho ni Larry Itliong. Alifika 1929 akiwa na miaka 15, akitamani kuwa wakili; kiwanda cha samaki wa makopo huko Alaska kikamnyang'anya vidole vitatu. Alikuwa baba wa watoto saba, na alikuwa na miaka 51 alipowaongoza Wafilipino kugoma kwenye mashamba ya zabibu ya Delano, tarehe 8 Septemba 1965, wakidai dola 1.40 kwa saa. Vibarua Wameksiko walioongozwa na Cesar Chavez walijiunga siku chache baadaye, na ndilo jina la Chavez lililobaki vitabuni. Itliong alifariki Februari 1977. Ilichukua hadi 2015 kwa California kuitenga tarehe 25 Oktoba, siku yake ya kuzaliwa, kuwa siku ya kumkumbuka. Ni kuchelewa kusikosameheka, kwa maoni ya wengi.

Baada yao walikuja wengine: maelfu ya mabaharia walioajiriwa na jeshi la majini la Marekani baada ya vita, wengi wakianza kama wapishi na watumishi wa maofisa, na baada ya sheria ya uhamiaji ya 1965, waume waliowafuata wake zao wauguzi. Hao angalau waliweza kuleta familia.

Mzee wa Kifilipino Mkatoliki akifa, jamaa husali siku tisa, kisha hukutana tena siku ya arobaini, jambo ambalo mtu wa Mombasa au Bujumbura hahitaji kuelezwa. Lakini wengi wa vibarua wale wa kwanza walizikwa na wenzao wa bwenini, na historia zao zimepatikana kwa vipande: barua, picha za studio, risiti za pesa zilizotumwa. Kama baba yako yuko Muscat, Doha au Minneapolis leo, usisubiri arobaini. Mpigie simu, muulize alifika lini, alilala wapi, alilipwa kiasi gani na nani alimpokea, kisha uandike.